Maji ya Prisca

Tchenzema, Mgeta
26 Mei 2024

Mume wangu Joseph,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua umeshajibu moyoni, maana nilikufundisha kujibu kabla sijakufundisha kunawa mikono. Hujambo? Kifua chako na lile vumbi la vyuma kinaendeleaje? Sisi huku hatujambo kiasi. Baridi imewahi mwaka huu, kabichi zimefunga vizuri, na mama yako mdogo Prisca anakusalimu sana. Mimi nasema kama umeoa huko mjini bila kutuambia, basi angalau umlete huyo mke mwenzangu nimkague.

Usishangae kukuta barua ndani ya tenga la karoti. Nimemwomba dereva wa fuso akishamaliza kushusha sokoni akupitie hapo karakana kwenu Kihonda. Simu ninayo, lakini wewe mwenyewe unajua mtandao huku unapatikana juu ya lile jiwe nyuma ya kanisa, na pale watu wamepanga foleni kama ya komunyo. Nikipaza sauti jiweni kwamba nimevimba miguu, kesho yake kila anayenisalimu atainama chini kwanza. Basi nimeshika kalamu.

Ni miguu, Joseph. Asubuhi ina nafuu, jioni imejaa, ukibonyeza kidole juu ya kifundo shimo linabaki. Uvimbe ningeuvumilia. Kinachonitesa ni kuwaka. Nikilala tu, nyayo zinawaka na siafu wanapita ndani yake; nikiwasha taa nitafute siafu, hakuna. Naamka, nazunguka chumbani, narudi, nalala, naamka tena. Prisca ananiambia nitamaliza sakafu. Siwezi kutulia, na wewe unajua hata nikiwa mzima sikuwa mtu wa kutulia.

Ile sukari waliyonipima zahanati mwaka juzi, vidonge nilikuwa nameza. Vilipoisha nikajiona mzima, nikapumzika navyo. Usinigombeze, Prisca ameshanigomba kwa niaba yako. Sasa ameanza kunikanda kila jioni, na mikono yake unaijua: wazazi wote wa kuanzia kwetu mpaka ng'ambo ya mto amewakanda yeye.

Ninachokuomba ni dawa ya kuchua, ile ya tyubu wanayoitangaza redioni. Niletee mbili. Hospitali usinitajie. Jirani yetu Ernest alishuka mjini na miguu miwili akarudi na mmoja. Shamba langu liko mteremkoni, na mteremko haupandwi kwa mguu mmoja.

Ni mimi mkeo,
Bibi Regina


Kihonda, Morogoro
9 Juni 2024

Bibi yangu mpendwa,

Milele, amina. Shikamoo. Barua imefika ikinuka karoti, na mafundi wenzangu wamenicheka mpaka basi: eti Joseph anaandikiwa na mke wa kijijini. Nimewaambia ndiyo, na ana wivu. Kifua hakijambo. Nimehama karakana, ile ya kwanza tulikosana na tajiri, sasa niko ng'ambo ya barabara tu, kwa hiyo dereva atanipata. Usianze kusema situlii. Nimerithi.

Nilikwenda duka la dawa kwa ajili ya tyubu zako. Dada wa pale hakuniuzia. Aliniuliza: uvimbe uko mguu mmoja au yote miwili? Anahema akipanda mlima? Anakojoa vizuri? Sukari yake ni ngapi? Maswali yote hayo nilijibu "sijui" kama mtu aliyekuokota njiani. Akasema mtu wa kisukari akivimba miguu yote miwili inaweza kuwa ni figo, inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa presha au dawa anazomeza, na hakuna tyubu inayojua tofauti. Na huko kuwaka na siafu, akasema hiyo ni mishipa ya fahamu inayoharibiwa na sukari, na kuna vidonge vyake, lakini daktari ndiye aandike.

Alinipa ya kukuambia kwa sasa. Ukikaa, nyanyua miguu, na ukilala iweke juu ya kitu iwe juu kuliko moyo. Usikae umeining'iniza kutwa nzima ukichambua njegere. Punguza chumvi. Usivae kitu kinachobana. Kila siku tazama nyayo na katikati ya vidole. Usitembee peku hata ndani ya nyumba. Na urudi zahanati ukachukue vidonge, usipumzike navyo tena.

Nimekutumia soksi nene zisizo na mpira wa kubana, na raba nimechagua pana. Mama mdogo aendelee kukukanda, mikono yake naiamini. Lakini Bibi, shuka. Nitakupokea pale njia panda ya Sangasanga, nitakushika mkono mpaka kliniki, na nitakurudisha na miguu yako yote. Nakuomba.

Mjukuu wako na mumeo,
Joseph


Tchenzema
30 Juni 2024

Mume wangu,

Tumsifu Yesu Kristu, na leo jibu kwa sauti, maana nina habari njema. Miguu imepona!

Haiumi. Siafu wamehama, moto umezimika. Nimelala kama mtoto aliyenyonya. Wiki nzima nimekuwa nikilala hivyo, na leo nimekwenda misa kwa miguu yangu mwenyewe na kurudi, tena njia ya mkato.

Dawa ni Prisca. Wewe na dada yako wa duka la dawa mtanisamehe. Maji anayachota yakichemka mafigani, anatia chumvi na yale majani ya mchaichai, anazamisha taulo, anakamua, ananigandamizia unyayoni mpaka juu ya kifundo. Mwanzoni nilikuwa naruka. Sasa hata sijui kama maji yamenigusa. Unajua desturi yetu, anayekandwa ndiye anayesema "yanatosha". Basi yeye ananiuliza, "Mama, yamoto?" Namwambia, "Ongeza." Anaongeza, anapuliza vidole vyake, ananiuliza tena, namwambia, "Ongeza bwana, unanikanda kwa maji ya kuoshea vyombo?" Wanawake wa jumuiya wamekuja kuangalia. Wanasema wazazi wa siku hizi wanalia wakiguswa na uvuguvugu, wakamwone Regina. Prisca ametembea kichwa juu wiki nzima na mimi nimemwachia, anastahili.

Mengine nimeyafuata, usiseme mimi mkaidi. Nalaza miguu juu ya gunia la viazi na kweli uvimbe umepungua, hilo gunia limenisaidia. Soksi anavaa Prisca, maana huku baridi ni ya watu wote. Raba ni nzuri mno kwa matope, nimeziweka kwa ajili ya Krismasi. Shambani naenda peku kama siku zote. Ule mteremko unataka vidole vishike udongo.

Kwa hiyo hiyo safari ya Sangasanga tuiache. Njoo wewe ule njegere mbichi. Umekonda, naona kwenye mwandiko.

Mkeo aliyepona,
Bibi Regina


Kihonda
14 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini unasoma barua hii umekaa na miguu imenyanyuka. Kama umesimama, kaa kwanza.

Barua yako ilinifurahisha, nikawasomea wenzangu pale "ongeza bwana", tukacheka wote. Juzi nilikuwa nachomelea geti, cheche ikaingia ndani ya kiatu. Bibi, niliruka mpaka nikaangusha benchi na spana zote, kiatu nimekirusha barabarani. Wenzangu wakaanza kunicheka: "Ongeza bwana! Ongeza!" Na mimi nilikuwa nacheka nao, nimeshika mguu, halafu kicheko kikanikauka. Cheche moja ndogo kama punje ya ulezi imenirusha hivyo. Wewe umewekewa maji yanayochemka na hukuruka.

Sikuweza kuendelea na kazi. Nilikwenda kliniki ya kisukari hivyo hivyo na ovaroli, nikamkuta muuguzi mtu mzima, nikamsomea barua yako. Hakucheka. Alisema: huyo hajapona, huyo amekufa ganzi. Mtu wa kisukari akisema maumivu yamekwisha ghafla bila dawa, ndipo pa kuogopa, maana mishipa imeacha kupeleka habari. Akasema mguu wa namna hiyo unaweza kuungua, kukanyaga msumari, kuchubuka, na mwenye mguu akaenda misa akarudi.

Bibi, muache kukanda leo. Sio kupunguza moto, kuacha. Hata kuosha, maji yawe ya uvuguvugu na apime mama mdogo kwa kiwiko chake, wewe usiulizwe kitu. Usiote moto na miguu mafigani. Vaa raba leo, achana na Krismasi. Na tafadhali mwambie mama mdogo atazame unyayo mzima, kisigino na chini ya vidole, mchana kweupe, akiona wekundu au lengelenge au ufa mshuke siku hiyo hiyo.

Mimi ndiye niliyeandika aendelee kukukanda. Niliandika ujinga. Nilipiga simu yako, akapokea mtoto wa mtu aliyekuwa nayo jiweni, akasema umepanda kwenda shambani. Nijibu na gari la kurudi.

Mjukuu wako,
Joseph


Kihonda
28 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Gari limekuja mara ya pili bila barua. Dereva anaapa alimkabidhi mama mdogo mkononi. Kazi haiendi, jana nimechomelea bawaba za geti upande usio wake. Nijibu hata mstari mmoja, hata wa kunitukana.

Joseph


Tchenzema
3 Agosti 2024

Joseph,

Tumsifu Yesu Kristu. Leo sikuiti mume. Umeomba matusi, kaa uyapokee.

Barua yako Prisca aliisoma kwa sauti, maana miwani yangu imevunjika mkono, na watu walikuwapo. Alipofika pale pa kuacha kukanda aliikunja, akaenda kuliweka beseni juu ya dari. Tangu siku hiyo hasemi. Umemtangaza mama yako mdogo kwamba anachoma watu. Kuna mzazi mmoja alikuwa amemwita, ameahirisha. Hivi wewe ulikandwa na nani ulipozaliwa njiti, mama yako yuko hoi kitandani? Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Wewe wa juzi unasema yanachoma bibi yako.

Nimekasirika ndiyo maana nimechelewa kujibu. Sina kingine.

Nyayo ametazama, kwa sababu umeandika kwa kupiga kelele. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia kulikuwa na lengelenge, limepasuka lenyewe, pamebaki pakavu pembeni na pabichi katikati. Amenipaka asali na kufunga kitambaa. Haliumi hata kidogo, nalikanyagia. Kidonda kisichouma ni kidonda gani, Joseph? Mimi nina kazi, karoti zinangoja. Mguu huo umevimba kidogo na una joto, lakini ni kwa sababu ya kutembea. Nasikia baridi ya ndani siku hizi, nafikiri ni malaria ya bondeni imenifuata juu.

Hapa nyumbani hatuna raha pia, panya amekufa mahali. Tumehamisha magunia yote, tumetazama darini na chini ya kitanda, hatumwoni, na harufu ipo tu pale ninapokaa. Ukija uje na dawa ya panya.

Mwombe radhi mama yako mdogo kwa maandishi.

Bibi yako


Kihonda
5 Agosti 2024

Bibi,

Sio panya.

Barua hii nimempa dereva anayeondoka sasa hivi. Mimi napanda gari linalofuata. Mguu huo usikanyage chini tena, hata kwenda chooni, mama mdogo akubebe. Msiuloweke, msiupake kitu, muufunge kitambaa kisafi tu. Mama mdogo, shikamoo, nakuomba radhi kwa yote niliyoandika na namna ulivyoyasoma mbele za watu, nitapiga magoti nikifika, lakini waambie vijana wa jumuiya waandae machela.

Mficha maradhi kilio humuumbua, Bibi. Nakuja.

Joseph


Wodini, Morogoro
19 Agosti 2024

Mume wangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Nimerudi kukuita mume, kwa sababu siku ile uliponifungua kile kitambaa niliona uso wako, na hukuugeuza pembeni. Wengine wote mle ndani waligeuka. Mimi nilikuwa sijajitazama chini ya mguu. Siku zote nilimwachia Prisca, na Prisca alikuwa anatazama huku anaona haya, anafunga haraka.

Wale vijana walionibeba mpaka barabarani niliwatukana njia nzima, na wao wakawa wanaitikia "amina". Waambie asante. Mmoja aliteleza karibu na mto na hakuniachia.

Hapa wananitundikia maji na madawa, sukari yangu inapimwa mpaka nimechoka kuchomwa vidole. Wameniambia joto lile na ile baridi ya ndani haikuwa malaria, ni sumu ya kidonda. Uvimbe wa mguu wa kushoto umepungua kwa vidonge; kumbe na figo zilikuwa zinalalamika, dada yako wa duka la dawa hakukosea. Lakini wa kulia, dokta ni binti mdogo, ananishika mkono akiongea, anasema kidonda kimekula mpaka mfupa, vidole vimekufa, na weusi unapanda. Anataka kukata chini ya goti. Anasema tukichelewa atakata juu ya goti, na tukichelewa zaidi hatakata kitu.

Sijaweka sahihi.

Nilikutuma upande Tchenzema ukachimbe viazi kabla havijaoza, na ni kweli vitaoza. Lakini pia nilitaka usiwepo. Ukiwepo nitalainika. Ulipompigia Prisca simu nilikataa kuishika kwa sababu hiyo hiyo. Hapa kitandani sina raha, Joseph. Nageuka huku, nageuka kule, nahesabu matuta yangu nikiwa na macho wazi. Jana nilimwambia Prisca aniletee nguo zangu tutoroke. Akaanza kulia, kwamba yeye ndiye aliyenikata tangu mwezi wa sita. Nilimkaripia. Nilimwambia mimi ndiye niliyesema ongeza. Hakusikia, analia tu.

Naogopa. Nimeandika, basi. Naogopa kuwa mtu wa kukaa mlangoni na kuulizwa na wapita njia kama nimekula. Mteremko wangu nitaupandaje? Niambie ukweli, sio maneno ya kumbembeleza mgonjwa.

Bibi yako,
Regina


Tchenzema
22 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Ukweli umeutaka, nakupa wote, na dereva anangoja nimalize ndipo aondoke.

Viazi nimechimba. Vingi, vikubwa, mgongo wangu haufai. Matuta yako ya juu kabisa nimeyapanda kwa miguu na mikono, na nimejiuliza ulikuwa unayapandaje ukiwa na kidonda kile. Nilikaa chini katikati ya karoti nikalia, halafu nikaendelea.

Kisha nilikwenda kwa Ernest. Sikutumwa na mtu. Nilimkuta shambani, Bibi, sio mlangoni. Ameshonea kaptura yake kipande cha tairi matakoni, anateremka tuta kwa tuta amekaa, jembe lake amelikata mpini. Anapalilia njegere. Nikamsalimu, nikamwambia bibi yangu hataki kukatwa kwa sababu yake yeye. Alikasirika kweli kweli. Akasema, "Mimi kila mtu ananifanya kinyago cha kutishia! Hospitali ilinikata nini? Mguu nilishuka nao umeoza, umefungwa na majani, nzi wamenisindikiza mpaka Mlali. Walichokata kilikuwa kimeshakufa huku huku nyumbani, nikiwa nimekaa nao. Aache kunisingizia. Mwambie Regina mimi nilishuka msimu mzima baada ya kidonda, yeye ameshuka mapema kuliko mimi, kwa hiyo asijifanye ana kesi kubwa."

Nilipoaga akaniita tena. Anacheka sasa. Anasema, "Yeye ni wa kulia unaokwenda, siyo? Mimi sina wa kushoto. Mwambie tutanunua pea moja ya viatu, tugawane. Ila mguu wake mkubwa, mimi changu kitanipwaya."

Sikubembelezi. Hutaupanda mteremko wa juu tena. Matuta ya chini, karibu na nyumba, utayafanya, kwa mguu wa bandia au kwa matako kama Ernest, na utachoka, na utatukana kila mtu. Yale ya juu nitayalima mimi. Nimeshamwambia tajiri sirudi karakana mpaka mwezi wa kumi na moja, na nikirudi nitarudi kwa msimu tu. Watu wanasema situlii. Basi nitahangaika kati ya huku na huko.

Bibi, weka sahihi leo. Nakupenda, na sijawahi kukuandikia hivyo kwa sababu sisi tunataniana tu. Sitaki mguu wako. Nakutaka wewe, unitukane nikiwa na mvi.

Na mwambie mama mdogo hakuna mtu Tchenzema anayemsema. Nimetangaza pale jiweni, kwa sauti, foleni nzima ikisikia: maji ya kukanda hayana kosa kwa mzazi mwenye ngozi inayosikia, kosa ni kumuuliza mtu wa kisukari kama yana moto. Kina mama watatu walikuja baadaye mmoja mmoja kuniuliza habari za siafu miguuni. Nimewaambia wakapimwe.

Mumeo,
Joseph


Wodini, Morogoro
15 Septemba 2024

Mume wangu Joseph,

Tumsifu Yesu Kristu. Hujambo? Mgongo? Nimesikia umeuza viazi vyote na umemwachia Ernest debe moja. Umefanya vizuri, ingawa hakustahili kwa ule utani wake. Mwambie mguu wangu sio mkubwa, ni wake uliosinyaa.

Sahihi niliweka siku barua yako ilipofika. Prisca alinishikilia karatasi. Wamekata chini ya goti, binti dokta alitimiza alichosema, na mshono unafunga. Sukari imeshuka. Vidonge nameza mbele ya muuguzi, mdomo wazi, kama kifaranga. Mguu wa kushoto Prisca anautazama kila asubuhi kwa kioo kidogo cha kunyolea, katikati ya vidole vyote, na jana alimkaripia mgonjwa wa kitanda cha tatu, mama mmoja wa Kingolwira, aliyekuwa anataka kuloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Ameanza kusema tena. Anasema sana. Wiki ijayo wataniruhusu, na nitakaa kwanza na wewe Kihonda mpaka nijifunze magongo, kwa hiyo tangulia kushuka ufagie, na kama kuna mwanamke ahame.

Kuna jambo jingine, nakuandikia wewe peke yako.

Mguu ule unaniuma. Ule uliokatwa. Dokta ameniambia hutokea, kichwa kinaendelea kuutafuta mguu, na amenipa kidonge chake, na maumivu yanakuja na kwenda. Mwanzoni ulikuwa unawasha tu vidoleni, nikanyoosha mkono nijikune, nikakuna shuka. Nilicheka.

Lakini jana saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa watu na vikapu, ulikuja moto. Ulikuja pale pale, chini ya kidole gumba, mahali pa lile lengelenge. Miezi yote ile pale palikuwa pamenyamaza, nilipakanyagia nikaenda napo misa. Jana paliungua, Joseph, paliungua kama taulo ndiyo kwanza linawekwa, na mimi nikapiga kelele mbele za watu wote: "Yamoto! Prisca, yamoto, yanaunguza!"

Alikuwa ananimiminia chai. Aliacha birika likaanguka, akaruka kuja kunitolea taulo, akafunua shuka kwa mikono miwili, na hakuona pa kushika.

Bibi yako, mkeo,
Regina